Taa ya poti inawaka, jirani hayupo: kutafuta kinachofanya ruta zipoteze majirani

Tawi linapiga simu kwamba mtandao umekata. Fundi anaingia chumba cha mitambo, anaona taa za poti zote ni za kijani, anajibu kwamba laini iko sawa. Saa moja baadaye watu bado wamekaa bila mtandao na kila upande unamtupia mwenzake lawama. Mara nyingi mvutano huu unatokana na kuyajibu maswali matatu kwa jibu moja. Poti iko hai? Ruta ya upande wa pili inaongea na yangu? Pakiti za mtumiaji zinafika zinakokwenda? La kwanza likiwa ndiyo, la pili laweza kuwa hapana. La pili likiwa ndiyo, la tatu bado laweza kuwa hapana.

Tuchukue kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam na tawi Morogoro. Tawi lina laini mbili: faiba iliyozikwa kando ya barabara kuu, na redio za mnarani kama akiba. Ndani wanatumia OSPF, itifaki ambayo ruta za kampuni moja huambiana njia, na makao makuu yanaongea BGP, itifaki ya kuambiana njia na mitandao ya wengine, na watoa huduma wawili wa intaneti. Ruta ya upande wa pili inayoongea na yako kwa itifaki hizo ndiyo jirani. Amri nimeziandika kwa mtindo wa Cisco, na mahali pengine wa MikroTik, kwa kuwa ndizo ruta unazozikuta kwenye ofisi nyingi za kwetu.

Kabla ya kugusa chochote

Usizime ruta ukaiwasha. Najua ndilo jambo la kwanza linalokuja mkononi, na mara nyingine mtandao hurudi kweli. Lakini logi nyingi hukaa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, na vihesabu vya makosa hurudi sifuri. Kesho tatizo likijirudia utaanza upya ukiwa huna ushahidi hata mmoja.

Chukua kwanza hali ilivyo na uihifadhi kwenye faili:

show interfaces
show ip ospf neighbor detail
show ip bgp summary
show logging

Kwenye MikroTik yenye RouterOS 7 ni `/interface print`, `/routing ospf neighbor print`, `/routing bgp session print` na `/log print`. Unachotafuta zaidi ni muda: jirani amekuwa hai tangu lini? Ukiambiwa tatizo lilianza saa tisa alasiri na jirani wa OSPF ana siku kumi na mbili bila kudondoka, achana na OSPF, tafuta mahali pengine. Saa za ruta zote zitoke kwenye seva moja ya NTP (inayosawazisha saa za vifaa), la sivyo logi za pande mbili hazitalinganishika na utabishana na mwenzako wa Morogoro kuhusu nani alidondoka kwanza.

Kwenye logi, mstari huu unastahili kusomwa hadi neno la mwisho:

%OSPF-5-ADJCHG: Process 1, Nbr 10.255.0.2 on GigabitEthernet0/1 from FULL to DOWN, Neighbor Down: Dead timer expired

Wengi huishia kwenye DOWN. Sababu imeandikwa baada yake. `Dead timer expired` maana yake poti ilibaki hai ila salamu za jirani (pakiti ndogo za kusema yupo) ziliacha kufika mpaka muda ukaisha. Ingekuwa `Interface down or detached`, poti yenyewe ingekuwa imeanguka. Maneno hayo matatu manne yanakuambia uende kwenye sehemu ipi ya mwongozo huu.

Dalili: poti imeanguka

Hii ndiyo rahisi. Ikiandikwa `administratively down`, kuna mtu ameifunga kwa amri. Mtafute kabla ya kuifungua, huenda ana sababu. Ikiandikwa `down` tu, hakuna ishara inayofika.

Kwa faiba, soma nguvu ya mwanga kwa `show interfaces transceiver`. Kipokezi kinachoonyesha -40 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) hakioni mwanga kabisa: faiba imekatika, moduli ya upande wa pili (kifaa cha mwanga kinachochomekwa kwenye poti) imezimika, au kebo imechomolewa. Moduli ya 10GBASE-LR inahitaji kupokea walau -14.4 dBm, ukiona -16 au -17, laini inaning'inia na itakuwa inadondoka na kurudi. Ndiyo maana inafaa kuandika kipimo cha siku laini ilipofungwa. Ukijua ilianza na -6 na leo ni -13, unapata nafasi ya kushughulika nayo kabla haijakata.

Kabla ya kubadilisha moduli, safisha ncha za kebo kwa kalamu ya kusafishia faiba. Vumbi la mji na kidole cha fundi vimeua laini nyingi kuliko moduli mbovu. Na kama moduli ni zile za kutumia uzi mmoja wa faiba, hakikisha upande mmoja una aina A na wa pili aina B, kwa sababu zinatuma kwa mawimbi tofauti; mbili za aina moja haziwezi kusikilizana.

Dalili: poti iko hai, jirani ametoweka

Hapa ndipo muda mwingi wa watumiaji unapopotelea.

Poti ya ruta yako inajua habari za kifaa kilichochomekwa kwenye kebo hiyo tu. Ruta ya Dar es Salaam haijachomekwa kwenye ruta ya Morogoro. Imechomekwa kwenye konveta ya faiba (kisanduku kinachogeuza mwanga wa faiba kuwa ishara ya kebo), au swichi ya mtoa huduma, au redio iliyo juu ya paa. Faiba ikikatwa na tingatinga maeneo ya Chalinze, konveta ya ofisini kwako haina habari na inaendelea kuwasha taa. OSPF kwa kawaida hutuma salamu kila sekunde 10 na humhesabu jirani kuwa amekufa baada ya sekunde 40 za ukimya. Katika sekunde hizo ruta inaendelea kutupa pakiti za wateja kwenye laini iliyokatika, wakati laini ya redio iko wima, haina kazi.

Dawa yake ni BFD, itifaki iliyowekwa kwenye kiwango cha RFC 5880 mwaka 2010 kwa kazi hii hasa: ruta mbili zinapigana pakiti ndogo mfululizo, na zikikosekana kadhaa zinaiambia OSPF au BGP iachane na jirani huyo mara moja. Kila milisekunde 300, kwa kukosa tatu, unagundua mkato chini ya sekunde moja. Nashauri usikimbilie milisekunde 50 kwa sababu tu ruta inaruhusu. Kwenye redio, au kwenye ruta ndogo ambayo CPU hulemewa, utajitengenezea midondoko ambayo laini yenyewe haina.

Hali ni mbaya zaidi kwa njia zilizoandikwa kwa mkono, zisizo na OSPF wala BGP. Hizo hazina jirani wa kufa. Poti ikibaki hai, njia inabaki kwenye jedwali siku nzima. Kwenye MikroTik weka angalau `check-gateway=ping`, ambayo hujaribu kila sekunde 10 na kuiondoa njia baada ya kukosa majibu mara mbili. Kwenye Cisco funga njia hiyo na IP SLA (kipimo ambacho ruta hujifanyia yenyewe) pamoja na `track`. Konveta nazo, nyingi zina kitufe kidogo cha kuzifanya zizime poti ya upande mmoja wa pili ukipoteza ishara. Kitafute kwenye karatasi ya kifaa, hakigharimu kitu.

Kama jirani hajawahi kuonekana tangu laini ifungwe, mambo ya kulinganisha pande zote mbili ni haya: barakoa ya anwani (subnet mask), namba ya eneo la OSPF, muda wa salamu na wa kufa, nenosiri la uthibitisho, na aina ya eneo. Kimoja kikitofautiana, hawatakuwa majirani, hata kama ping inapita vizuri. Angalia pia poti haijawekwa `passive` (isiyotuma salamu), na fayawoli haizuii itifaki namba 89, ambayo ndiyo OSPF. Halafu kuna mtego wa swichi na redio za bei nafuu: ping huenda kwa anwani moja, lakini salamu za OSPF huenda kwa anwani ya kundi 224.0.0.5, na kuna vifaa vinavyomeza pakiti za makundi bila kusema lolote.

Ukikuta jirani amekwama kwenye `INIT`, furahi, kwa sababu umeshapata nusu ya jibu. Ruta inayoonyesha `INIT` inamsikia mwenzake, ila ndani ya salamu za mwenzake haioni jina lake yenyewe. Yaani wewe unamsikia, yeye hakusikii. Tatizo liko kwenye safari ya kutoka kwako kwenda kwake: uzi mmoja wa faiba wenye hitilafu, fayawoli ya upande wake, au nenosiri analolikataa.

Dalili: jirani amekwama EXSTART au EXCHANGE

Mara tisa kati ya kumi chanzo ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ambao poti hubeba. Salamu ni pakiti ndogo, zinapita popote. Katika hatua hizi ruta zikianza kubadilishana orodha ya njia, kila moja inataja MTU ya poti yake, na ile yenye MTU ndogo inazikataa pakiti za mwenzake. Hutokea pale mmoja alipoongeza hadi 9000 na mwingine akabaki 1500. Hutokea pia pale MTU zinafanana kwenye ruta ila mtandao wa mtoa huduma katikati haubebi 1500 kamili kwa sababu ya lebo za VLAN (za kutenganisha mitandao ya wateja) alizoongeza juu yake. Hapo pakiti kubwa zinapotea njiani.

Jaribu: `ping 10.0.0.2 size 1500 df-bit`. Kwenye kompyuta ya Linux andika `ping -M do -s 1472 10.0.0.2`, maana baiti 28 za vichwa hazijahesabiwa humo. Ikishindwa, shusha kidogo kidogo mpaka ipite, na sasa unajua laini inabeba kiasi gani. Mtaalamu mwingine atakuambia uandike `ip ospf mtu-ignore`. Itamfikisha jirani kwenye `FULL` (ujirani uliokamilika), na faili kubwa za watumiaji zitaendelea kukwama huku wewe ukiangalia skrini inayosema kila kitu kiko sawa. Sahihisha MTU yenyewe.

Kuhusu `2WAY`: kwenye swichi moja yenye ruta nyingi, zile zisizochaguliwa kuwa kiongozi au msaidizi wake hubaki `2WAY` kati yao, yaani zinasikiana tu. Ni kawaida, usiamke usiku kwa ajili yake.

Dalili: jirani anadondoka na kurudi

Chora nyakati za midondoko kwenye karatasi au lahajedwali kabla ya kufikiria chanzo. Mpangilio wa saa husema mengi.

Ikidondoka jioni mvua za masika zinaponyesha, tazama redio. Kwenye masafa ya 18 au 23 GHz mvua kubwa hula ishara. Chini ya 10 GHz athari yake ni ndogo. Lakini kuna hatua ya katikati watu huikosa. Redio nyingi za sasa hupunguza kasi zenyewe ishara inapodhoofika. Laini ya megabiti 400 inashuka hadi 80, foleni inajaa, na salamu za OSPF zinatupwa pamoja na video za watu. Laini haijakatika, jirani amekufa. Zipe pakiti za itifaki kipaumbele, zile zenye alama ya kipaumbele ya DSCP 48, kwenye ruta na kwenye redio pia, kwa kuwa foleni mara nyingi inajaa kwenye redio.

Ikidondoka umeme unapokatika, kisha kurudi dakika chache baadaye, kagua betri ya UPS inayolisha konveta au swichi ya mnarani. Kifaa kidogo kilichosahaulika kwenye soketi ya kawaida kinaangusha laini nzima.

Ikidondoka ovyo, bila mpangilio, soma makosa ya CRC (pakiti zilizofika zimeharibika) kwenye `show interfaces`. Futa vihesabu, subiri dakika kumi, soma tena. Namba ya tangu mwaka jana haikusaidii. CRC zikiongezeka upande mmoja huku upande wa pili kukiwa na `late collision`, poti moja imelazimishwa kasi na nyingine imeachwa ijipangie yenyewe.

Na ikidondoka kwa mwendo wa saa ya ukutani, kila baada ya dakika tatu, huyo ni jirani wa BGP na hadithi yake ni nzuri kuifahamu. Kikao kinafunguka kwa sababu ujumbe wa kufungulia ni mdogo, na ule wa kusema "bado nipo" una baiti 19 tu. Kisha njia zinaanza kutumwa kwa pakiti zilizojaa, na hizo hazipiti kwenye laini. TCP inaendelea kuirudia pakiti ileile iliyokwama, na jumbe ndogo zinapanga foleni nyuma yake. Upande unaopokea hausikii kitu. Baada ya sekunde 180, muda wa kusubiri wa kawaida wa Cisco, unafunga kikao. Mzunguko unaanza upya. Kwenye logi utaona `hold time expired`, na neno lililo kabla yake ni muhimu: `sent` maana yake ruta yako ndiyo iliyochoka kusubiri, `received` maana yake ni ya mwenzako. Rudi kwenye kipimo cha MTU hapo juu.

Dalili: BGP inaonyesha Active, au Idle, au iko hai bila faida

`Active` huwadanganya wanaoanza. Ruta inajaribu kuunganika na haijafanikiwa. Angalia kama poti ya TCP 179 imefungwa mahali, kama namba za AS (namba ya utambulisho ya kila mtandao kwenye BGP) zimeandikwa sawasawa pande zote, kama nenosiri linafanana, na kama majirani wa AS tofauti wametenganishwa na ruta nyingine katikati. BGP ya nje, yaani kati ya AS tofauti, hutuma pakiti zenye uhai wa hatua moja tu mpaka uiambie vingine. `Idle (PfxCt)` maana yake jirani ametuma njia nyingi kuliko kikomo ulichoweka.

Kinachonisumbua zaidi ni kikao kilicho `Established` kisicho na maana. Jirani anaweza kuwa hai na kukutumia njia sifuri, kwa hiyo fuatilia idadi ya njia unazopokea pamoja na hali ya kikao. Hata idadi hiyo ina mpaka wake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu. Kikao chako cha BGP huishia kwenye ruta ya mtoa huduma iliyoko hapo hapo mjini. Waya ukikatika kilomita elfu kadhaa mbele yake, kikao chako hakina sababu ya kudondoka. Kwa hiyo weka vipimo vya ping kwenda mahali patatu: ruta ya mtoa huduma, seva iliyo ndani ya nchi, na seva iliyo ng'ambo. Cha tatu kikifa na viwili vikabaki, unajua la kumwambia mkurugenzi na unajua kwamba kuhamia mtoa huduma wa pili kutasaidia tu kama yeye anapita waya mwingine. Muulize hilo siku ya kusaini mkataba.

Dalili: laini kuu imekata na ya akiba haikushika

Laini yenye upatikanaji wa asilimia 99 hukosekana karibu saa 88 kwa mwaka. Mbili za namna hiyo, zikiharibika kila moja kivyake, kwa hesabu hukosekana pamoja kama dakika 53. Ndiyo sababu kampuni inalipia laini mbili. Hesabu hiyo inavunjika zikiwa kwenye mtaro mmoja, na inavunjika pia ya akiba ikifa bila mtu kujua. Laini isiyotumika haina mtumiaji wa kulalamika. Inaweza kuwa imekufa tangu mwezi uliopita.

Kwa hiyo arifa za laini ya akiba ziwe na uzito uleule wa laini kuu. Mfumo wa ufuatiliaji usihesabu majirani waliopo. Ujue wanaotakiwa kuwepo. Ruta ya Morogoro inapaswa kuwa na majirani wawili walio `FULL`. Akiwa mmoja, piga kengele, hata kama hakuna mtumiaji aliyehisi chochote. Na mara moja kwa mwezi, usiku, funga laini kuu kwa amri uone trafiki inahama na inabebeka.

Kama tawi lina ruta mbili zinazoshirikiana kwa VRRP (moja ikiwa kuu na nyingine ikisubiri kushika nafasi yake), hakikisha ruta kuu inafuatilia laini yake ya nje. VRRP inaangalia uhai wa ruta upande wa ndani tu. Laini ya nje ikikatika, ruta kuu inabaki kuu na kuyapokea maombi ya watu isiyo na pa kuyapeleka.

Dalili: laini ilikata na hakuna aliyepata taarifa

Arifa za SNMP na syslog, njia mbili ambazo ruta hupeleka taarifa kwa seva ya ufuatiliaji, kwa kawaida husafiri kwa UDP, bila uhakika wa kufika, na mara nyingi zinapita kwenye laini ileile iliyokatika. Usizitegemee peke yake. Seva ya ufuatiliaji iwe inauliza yenyewe: `ifOperStatus` iwe 1 (poti hai), `ospfNbrState` iwe 8 (`FULL`), `bgpPeerState` iwe 6 (`Established`).

Hata hivyo seva inayouliza kila dakika tano haitaona mdondoko wa sekunde 40. Soma pia vihesabu vinavyokumbuka yaliyopita: `ifLastChange` kwa poti, `ospfNbrEvents` kwa jirani wa OSPF, na `bgpPeerFsmEstablishedTransitions` kwa BGP. Namba ikipanda kati ya swali moja na jingine, kuna kitu kilitokea katikati, ingawa sasa hivi kila kitu ni kijani.

Panga utegemezi, ili makao makuu yakikatika usipokee arifa mia za vifaa vilivyo nyuma yake. Anayepokea arifa mia usiku huzima simu. Na njia ya kutuma taarifa hizo isitegemee mtandao unaoufuatilia: modemu ya GSM yenye laini ya simu na salio, iliyochomekwa kwenye seva, hutuma SMS hata intaneti yote ikiwa chini. Ijaribu kila wiki, kwa sababu vifurushi huisha.